The Weeping Meadow, Brides au A Touch of Spice: uanze na ipi?

Ukimuuliza mpenzi wa sinema akutajie filamu ya Kigiriki yenye wakimbizi na mapenzi ndani yake, kuna majina matatu hayakosi. La kwanza ni The Weeping Meadow ya Theo Angelopoulos. La pili ni Brides ya Pantelis Voulgaris, ambayo Wagiriki wenyewe wanaiita Nyfes. La tatu ni A Touch of Spice ya Tassos Boulmetis, kwao Politiki Kouzina. Zote zilitoka kati ya 2003 na 2004, na kila moja ina watu wawili wanaopendana huku serikali, vita au familia ikiwavuta kila mmoja upande wake. Zaidi ya hapo hazifanani hata kidogo. Aliyelia kwa moja anaweza kusinzia kwenye nyingine, na wala hatakuwa na kosa.

Niweke msimamo wangu mezani mapema. Iliyo bora ni The Weeping Meadow, na sioni ushindani. Lakini kwa watu wengi ninaowajua singewaambia waanze nayo.

Kwanza, historia kidogo

Kwa karne nyingi Wagiriki waliishi mbali sana na nchi tunayoiita leo Ugiriki. Walikuwa Smyrna, ambayo sasa ni Izmir, walikuwa Istanbul, na walizunguka Bahari Nyeusi yote hadi Odessa. Vita ya Ugiriki na Uturuki ilipoisha kwa Ugiriki kushindwa, Smyrna iliungua Septemba 1922, na Januari 1923 mataifa hayo mawili yakasaini mjini Lausanne, Uswisi, mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Othodoksi wapatao milioni 1.2 wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wasiopungua 350,000 wakahesabiwa kuwa wa Uturuki. Kilichotazamwa ni dini tu. Wapo waliofika Ugiriki hawajui neno la Kigiriki, na wapo Waislamu waliopelekwa Uturuki hawajui neno la Kituruki. Ugiriki yenyewe wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 5, kwa hiyo kila mtaa uliona wageni. Wagiriki wa Istanbul waliachwa wabaki. Zamu yao ilifika 1964.

Kila filamu imekaa kwenye sehemu yake ya mkasa huo. Angelopoulos anaanza na wakimbizi wa Odessa mwaka 1919 na kwenda hadi mwisho wa vita ya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1949. Voulgaris anachukua safari moja tu ya meli, mwaka 1922. Boulmetis anaanzia Istanbul, kwenye duka la viungo, na kumfuata mtoto mmoja hadi anaota mvi.

The Weeping Meadow: ukubali kukaa

Picha ya kwanza inakupa masharti yote. Kundi la watu wenye nguo nyeusi na masanduku mikononi linatembea kuelekea kwenye maji, kisha linasimama ukingoni. Sauti kutoka ng'ambo inawauliza ni akina nani. Spyros, mkubwa wao, anajibu kwamba ni Wagiriki waliotoka Odessa baada ya Jeshi Jekundu la Wakomunisti wa Urusi kuingia mjini. Kamera inawasogelea taratibu, haikatwi, na hakuna anayekuelekeza umtazame nani. Ukitulia utamwona mtoto wa kike aliyeshika mkono wa mvulana. Huyo ni Eleni, yatima waliyemchukua njiani, na mvulana ni mtoto wa Spyros. Mapenzi ya filamu nzima yameshaanza, na wewe bado ulikuwa unahesabu masanduku.

Hivyo ndivyo Angelopoulos anavyofanya kazi kwa karibu saa tatu. Anaweka kamera mbali, anaacha watu waingie na kutoka, na jambo kubwa mara nyingi linatokea pembeni au limeshatokea kabla hatujafika. Eleni anapata mimba akiwa bado binti mdogo. Sisi tunamwona tu akirudishwa kijijini kwa mtumbwi, mgonjwa, na tunaelewa kwa minong'ono kwamba amejifungua mapacha katika mji wa Thessaloniki na wamepewa familia yenye uwezo. Mke wa Spyros anafariki. Mzee, aliyemlea Eleni kama mwanawe, sasa anataka kumwoa. Siku ya harusi binti anatoroka na yule kijana, shela likiwa bado kichwani, na wanajificha mjini kwenye ukumbi wa maigizo uliojaa wakimbizi. Vile vibaraza vya juu, walikokuwa wakikaa matajiri kutazama michezo, vimegeuka nyumba, kila familia na kibaraza chake, na nguo zilizotundikwa ndizo kuta.

Hapo wanakutana na Nikos, mpiga fidla, anayemwingiza kijana kwenye bendi kwa sababu ya kipaji chake cha kodiani. Kuanzia hapa muziki unabeba kazi ambayo kwenye filamu nyingine ingefanywa na mazungumzo. Eleni Karaindrou, mtunzi aliyefanya kazi na Angelopoulos kwa miaka mingi, ametunga wimbo mmoja unaorudi na kurudi, mara kwa kodiani peke yake, mara kwa bendi nzima. Ukitoka na kitu kimoja tu kwenye filamu hii, utatoka na wimbo huo.

Kuna tukio ambalo ndilo kipimo changu cha kumjua mtu kama filamu hii ni yake. Kijana amepata nafasi ya kwenda Marekani na bendi. Eleni hawezi kwenda. Wale mapacha wamesharudi kwake, na hela haitoshi. Bandarini anamletea fulana nyekundu ya sufu aliyokuwa akimfumia, lakini hakuwahi kuimaliza. Kijana anashika ncha ya uzi, anashuka kwenye mashua inayompeleka melini, na mashua inapoondoka fulana inaanza kufumuka mikononi mwa Eleni. Safu moja, safu nyingine. Hakuna anayepiga kelele wala hakuna maneno ya kuagana. Uzi unanyooka juu ya maji hadi sufu inakwisha, na ncha inamtoka mkononi. Haya yote yanachukua muda wake halisi, kama ambavyo kweli fulana ingechukua kufumuka. Kuna watu wataona hapo dakika zilizopotea. Wengine watakuwa wameacha kupumua. Jiulize wewe ni yupi kabla hujatumia bando.

Mandhari yenyewe ni sababu tosha ya kuitazama. Kijiji cha wakimbizi kilijengwa hasa kwa ajili ya filamu, katika ziwa Kerkini kaskazini mwa Ugiriki, wakati maji yamepungua. Kisha wakasubiri maji yapande. Kwa hiyo unapoona nyumba zimezama hadi madirishani na watu wanatolewa kwa mitumbwi, hayo ni maji ya kweli. Jeneza la Spyros linapita juu ya chelezo, nyuma yake msururu wa mashua zenye bendera nyeusi. Kondoo wa familia wananing'inizwa mtini, damu ikidondoka, kwa sababu kijiji hakijawasamehe wapenzi hawa. Na mwaka 1936, polisi wanapowaandama wafanyakazi wa Thessaloniki, Nikos anapigwa risasi na kupepesuka katikati ya mashuka meupe yaliyoanikwa, akiacha alama za mikono kila anaposhika.

Sioni ubaya kukuhadithia haya. Filamu hii haiharibiki kwa kuijua, kama ambavyo watu wa Athene ya kale walivyokwenda kutazama michezo ambayo kisa chake walikifahamu tangu utotoni. Angelopoulos ameijenga juu ya michezo hiyohiyo: mapacha wa Eleni wanakua na kujikuta pande mbili tofauti katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, kama wana wa Mfalme Edipode walivyokutana kwenye lango la Thebe. Waliosoma tamthilia ya Mfalme Edipode shuleni watainusa harufu hiyo mapema.

Lakini ina upungufu, na wapenzi wake huwa hawapendi kuusema. Kijana ni vigumu kumjua. Ana kodiani, ana ndoto ya Marekani, basi. Eleni naye anatendewa zaidi kuliko anavyotenda; anatoroka mara moja, na baada ya hapo misiba inampata mmoja baada ya mwingine hadi nusu saa ya mwisho inakuwa mzigo. Kuna sehemu akiwa amelala na homa baada ya kutoka gerezani, anamwambia mlinzi asiyekuwepo kwamba hana maji, hana sabuni, hana karatasi ya kuwaandikia wanawe, na magereza yanabadilika na sare za walinzi zinabadilika huku maombi yakibaki yaleyale. Ni maandishi makali. Ila ukiwa umechoka, utaona anakukandamiza makusudi.

Brides: meli moja, watu wawili

Voulgaris ni mwanadamu mwepesi zaidi kukaa naye. Filamu yake ina urefu wa saa mbili na dakika chache, Martin Scorsese ni mmoja wa waliosimamia utayarishaji wake, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kiingereza, kwa sababu mwanamume ni Mmarekani: Norman Harris, mpiga picha anayerudi kwao kutoka vitani Asia Ndogo (Uturuki ya leo), ameigizwa na Damian Lewis. Mwanamke ni Niki Douka, fundi wa kushona kutoka kisiwa cha Samothrace, ameigizwa na Victoria Haralabidou. Niki yuko daraja la tatu pamoja na wasichana 700 wanaopelekwa Marekani kuolewa na wanaume wasiowajua. Kila mmoja ana picha ya mchumba wake mfukoni.

Hapa msomaji wa kwetu anahitaji kugeuza kichwa kidogo. Kwa Wagiriki wa zamani mali ilitoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Nyumba yenye mabinti wanne na shamba dogo ilikuwa nyumba yenye matatizo. Mgiriki aliyekwishakaa Marekani hakudai mali hiyo. Alitaka mke tu, wa dini yake na lugha yake. Ndiyo maana meli zilijaa. Niki si mtu wa kulialia wala hajatekwa nyara. Ametoa neno, familia yake inategemea neno hilo, na anajua bei yake. Kisha anakutana na Norman.

Katika filamu ya Angelopoulos wapenzi hawaachani kwa kutaka kwao. Historia ndiyo inayowapokonya. Niki anaweza kuchagua. Ndiyo maana Brides inabana kifua kwa namna nyingine: unakaa ukimwombea afanye uamuzi ambao unajua utawaumiza dada zake. Sitasema anaamua nini, maana hii, tofauti na ile ya kwanza, ukiijua mwisho wake imekwisha utamu.

Tukio la kulitafuta ni Norman anapowapiga picha wasichana wakiwa wamevaa magauni yao ya harusi, mmoja mmoja, mbele ya lenzi. Voulgaris anafanya kile ambacho Angelopoulos hakifanyi kabisa: anakusogeza hadi usoni. Mmoja anatabasamu kwa woga, mwingine amekaza taya. Dakika chache hizo zinakupa watu wengi zaidi kuliko saa nzima ya The Weeping Meadow.

Udhaifu wake uko kwa wabaya. Kuna mfanyabiashara wa wasichana anayeitwa Karaboulat, ameigizwa na Steven Berkoff, na kila akitokea filamu inageuka kuwa tamthilia ya jioni. Daraja la kwanza na la tatu nazo zimepakwa rangi nzito mno, tajiri ni baridi na maskini ana moyo. Meli, mapenzi ya matabaka mawili, bahari: tumeshaiona mahali, na kwa bajeti kubwa zaidi.

Nikuonyeshe kitu kinachopotea ukitazama moja tu kati ya hizi mbili. Mwaka 1922 wasichana wa Voulgaris wanaingia New York kwa meli nzima. Miaka miwili baadaye Marekani ilipitisha sheria iliyoshusha nafasi za wahamiaji kutoka Ugiriki hadi 100 kwa mwaka. Mlango ukafungwa. Yule kijana wa kodiani anaondoka mlango ukiwa tayari umebanwa, na njia pekee anayoiona ya kupata uraia ili awaite mke na watoto ni kujiunga na jeshi la Marekani. Barua yake ya mwisho inatoka Okinawa, 1945. Filamu hazikuambii kuhusu sheria hiyo. Ukiijua, utaelewa kwa nini mapenzi ya Niki yana nafasi ya kujadiliana na ya Eleni hayana. (Si wote waliokimbilia Marekani, kwa taarifa yako. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliwaona Wagiriki wengi, na wazee wa Arusha na Moshi bado wanawakumbuka.)

A Touch of Spice: ya kutazama na nyumba nzima

Hii ndiyo fupi kuliko zote, chini ya saa mbili, na ndiyo iliyopendwa zaidi na Wagiriki wenyewe ilipoingia kwenye majumba ya sinema. Babu Vassilis ana duka la viungo Istanbul na anamfundisha mjukuu wake Fanis sayari kwa kutumia viungo: pilipili manga ni jua, kwa sababu inachoma na inafika kila mahali, mdalasini ni Zuhura, mtamu na mchungu kama wanawake. Juu ya darini, kati ya magunia, kuna Saime, msichana wa Kituruki anayecheza na Fanis. Yeye anacheza ngoma, Fanis anampikia chakula cha kuchezea. Wana miaka saba.

Mwaka 1964, kwa sababu ya ugomvi wa kisiwa cha Kupro (Cyprus), Uturuki inawafukuza Wagiriki wa Istanbul wenye uraia wa Ugiriki. Baba wa Fanis ni mmoja wao. Waliofukuzwa waliruhusiwa kubeba kilo 20 za mizigo na hela ya kununulia chakula cha siku chache. Babu, ambaye ni raia wa Uturuki, anabaki, na miaka yote inayofuata anaahidi kuja Athene na haji.

Mtazamaji wa pwani ataielewa hii kwa tumbo. Babu anamfundisha mwanamke anayetaka kuwavuta wageni atie mdalasini kwenye mipira ya nyama badala ya bizari nyembamba, kwa kuwa bizari inawafanya watu wajifungie ndani na mdalasini unawafanya watazamane machoni. Anayejua pilau hatakubaliana naye kuhusu bizari, lakini anajua kabisa mzee anazungumzia nini.

Ni filamu ya kuchekesha. Fanis akifika Athene anapika bila kuacha, na familia inaona aibu kwa mtoto wa kiume kushinda jikoni hadi wanaita watu wamshauri. Kisha katikati ya kicheko inakuja sehemu moja mezani ambapo baba yake, mtu mkavu asiyesema mengi, anasimulia siku afisa alipokuja kuwapa amri ya kuondoka. Afisa alimnong'oneza kwamba akibadili dini hawatasumbuliwa. Baba anakiri mbele ya watoto kwamba hakujibu papo hapo. Alisita sekunde tano, na sekunde hizo ndizo zinazomuuma hadi leo, kwa sababu alilipenda jiji lile kuliko alivyodhani. Hakuna gharika wala kondoo mtini. Ni mtu na sahani yake. Kwangu hiyo ndiyo sehemu moja katika filamu zote tatu inayoeleza vizuri zaidi ukimbizi ni kitu gani.

Mapenzi ya Fanis na Saime, hata hivyo, ni dhaifu kuliko ya wengine wote. Wanakutana tena wakiwa watu wazima, yeye profesa wa astronomia, Saime mke wa mtu, na mazungumzo yao yana adabu nyingi kupita kiasi. Na ile picha ya mwamvuli unaoruka juu ya mji, iliyotengenezwa kwa kompyuta, imezeeka vibaya.

Sasa uchague

Ukiwa na wazazi au watoto sebuleni, weka A Touch of Spice na usijiulize mara mbili. Ukiwa na mwenza wako na mnataka kisa kinachokwenda mbele, chenye swali la "ataolewa au hataolewa", ni Brides. Hizi mbili unaweza hata kuzisimamisha ukajibu simu.

The Weeping Meadow haitaki hivyo. Usiitazame kwenye simu: watu wako mbali kwenye fremu, na kwenye kioo kidogo watakuwa sisimizi. Tafuta runinga kubwa au projekta, zima taa, anza mapema kabla ya saa mbili usiku, na ukae na mtu asiyeuliza "huyu ni nani?" kila dakika. Ikibidi uigawe, igawe pale kijiji kinapozama. Kuanzia hapo maisha ya mjini yanashika hatamu na unaweza kuendelea kesho yake bila kupotea. Maandishi ya chini utakayoyapata kwa kawaida ni ya Kiingereza, lakini maneno ni machache mno kiasi kwamba hata mwenye Kiingereza cha kuombea maji atafuata.

Ukishaipenda, ijue kuwa ilikusudiwa kuwa ya kwanza kati ya tatu. Ya pili, The Dust of Time, ilitoka 2008 na ni ya kukosa bila majuto. Ya tatu haikumalizika: Angelopoulos aligongwa na pikipiki Januari 2012 akiwa kazini akiipiga, karibu na Piraeus, akafariki.

Na kama unamwogopa Angelopoulos lakini hutaki kufa hujamwona, ipo njia ya katikati. Eternity and a Day, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 1998, ni fupi kwa zaidi ya nusu saa, ina mtoto mkimbizi kutoka Albania anayeosha vioo vya magari Thessaloniki, na mzee mmoja mwandishi aliyebakiwa na siku moja ya kukaa naye. Mwendo wake ni uleule wa polepole, ila una watu wawili tu wa kuwafuata. Ukiimaliza bila kutazama saa, nenda moja kwa moja kwenye The Weeping Meadow wiki hiyohiyo. Ukiitazama saa zaidi ya mara moja, Niki na Norman wanakusubiri melini.